Pilipili Bustanini: Historia Isiyo na Majina, Kuanzia Jikoni Hadi Mchicha wa Bweri

Wadau, ukimtajia mtu wa Mara jina la Bweri, cha kwanza kinachomjia kichwani ni stendi. Mabasi ya Mwanza, ya Arusha, ya Dar, wapiga debe, mama lishe, bodaboda wamejipanga. Ni kata ya Manispaa ya Musoma ambayo wageni wengi wanaijua kwa dakika kumi tu: wanashuka basi, wanaulizia usafiri wa kwenda mjini, wamepotea. Ila ukiiacha stendi ukaingia mitaani, unakuta Musoma ile ile ya siku zote. Nyumba ina kauwanja, na kwenye kauwanja kuna matuta mawili matatu ya mchicha na chainizi, nyanya chache zimefungwa kwenye vijiti, na pembeni kamche kamoja ka pilipili kichaa ambako hakuna anayekumbuka nani alikapanda.

Leo tuongelee hako kamche.

Kuna utaratibu wa siku nyingi ambao wengi wetu tumeukuta nyumbani. Mboga ikianza kujikunja majani, ukageuza jani ukakuta wadudu mafuta wamejazana kwa chini, mtu anachuma pilipili, anazitwanga, anazilowesha kwenye maji, anachuja, ananyunyizia. Ukimuuliza nani kamfundisha atakwambia ni mama, au shangazi, au jirani aliyehama zamani. Ukimpata huyo shangazi naye anakupa jibu hilo hilo. Unarudi nyuma hivyo hivyo na hufiki kwa mtu mwenye jina.

Na hapo ndipo historia yenyewe ilipo. Kitu kisicho na jina la mwenyewe ni rahisi sana kukidharau. Maji ya pilipili tuliyadharau kwa miaka mingi, tukaenda na vitu vyenye majina makubwa, na bili yake ilikuja mpaka ziwani. Twende taratibu.

Pilipili sio mwenyeji wa hapa

Watu wengi wanashangaa wakiambiwa kwamba pilipili kichaa, pilipili mbuzi na hata hoho zote asili yake ni bara la Amerika. Watu wa Mexico na maeneo ya jirani walikuwa wanazilima maelfu ya miaka kabla Mzungu yeyote hajaziona. Mwaka 1492 Christopher Columbus alivuka bahari akitafuta njia ya kwenda Bara Hindi, na moja ya vitu alivyokuwa anavifukuzia ni pilipili manga, ile nyeusi ya punje, ambayo Ulaya ilikuwa mali ya matajiri. Alichokikuta ni tunda jingine kabisa, jekundu na linalowasha kuliko alichokuwa anakitafuta. Kwa lugha nyepesi, aliingia duka lisilo lake. Ila Wazungu wakaliita kwa jina la pilipili ile ile, na mambo yakaendelea.

Huku pwani yetu ilitokea kitu kinachofanana. Neno "pilipili" lina asili ya Bara Hindi na lilikuwa la ile nyeusi iliyokuja kwa majahazi. Wareno wakafika. Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi mwaka 1498, na kwa karibu miaka mia mbili iliyofuata, mpaka Ngome ya Yesu ilipoanguka mwaka 1698, meli zao zilikuwa zinazunguka kati ya Amerika, Afrika na Asia. Pilipili kali ilisafiri nazo. Ilipozoeleka ikachukua jina la mwenyewe, na yule wa kwanza akalazimika kuongezewa neno ili atofautishwe: pilipili manga, yaani ya Uarabuni. Mgeni kapewa jina la mwenye nyumba. Baadaye neno hilo hilo likarudi baharini, na leo ukienda mgahawa wa London ukaagiza kuku wa piri-piri, unatamka Kiswahili bila kujua.

Sasa, vitabu vinamjua Columbus na vinamjua da Gama. Aliyeitoa pwani akaifikisha bara vitabu havimjui. Na ukiifikiria pilipili yenyewe utaona kwa nini. Mbegu zake ni ndogo, nyepesi, ukizikausha zinakaa. Hazihitaji meli wala leseni. Zinaingia kwenye fundo la nguo. Mwaka 1858 John Speke alifika upande wa kusini wa ziwa letu akalipa jina la malkia wake, wakati watu wa hapa walikuwa na majina yao ya kuliita. Yeye anakumbukwa duniani kote. Wapagazi waliobeba mizigo yake kutoka pwani, wengi wao hata jina moja hawakuandikiwa. Ila watu wa aina hiyo, wapagazi, wachuuzi, wapishi wa misafara, wanawake walioolewa mbali na kwao, ndio waliokuwa wanatembea na chakula na mbegu mkononi.

Kwa nini inawasha

Kabla haijawa kiungo, pilipili ilikuwa mmea wa porini unaojilinda. Kinachowasha kinaitwa kapsaisini. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani wakiongozwa na David Julius walikitambua kipokezi kwenye neva zetu kinachonasa kapsaisini, wakakuta ndicho hicho hicho kinachohisi joto kali. Kwa hiyo ukila pilipili mwili unadanganywa kwamba unaungua, na ndio maana unatokwa jasho wakati chakula kimeshapoa. Mwaka 2021 Julius alipata Tuzo ya Nobel, akigawana na Ardem Patapoutian.

Ndege hawana shida hiyo. Kipokezi chao hakishtushwi na kapsaisini, ndio maana kuku anadonoa pilipili mbivu kama anadonoa punje za mtama. Panya akila pilipili anasaga mbegu kwa meno zinakufa. Ndege anameza zima, anaruka, anaenda kuziachia chini ya mti au kando ya ukuta zikiwa salama, na mbolea juu. Pilipili imejitengenezea ulinzi unaomfukuza anayeharibu mbegu na kumwacha anayezisambaza. Kwa hiyo kale kamche ka uwanjani ambako hakuna anayekumbuka nani alikapanda, mara nyingi jibu ni hilo: ndege.

Kuna kingine. Watafiti waliofanya kazi na pilipili pori huko Bolivia walichapisha mwaka 2008 kwamba kapsaisini inazilinda mbegu dhidi ya kuvu anayeziozesha, kuvu anayeingia kupitia matundu yanayotobolewa na wadudu. Pale wadudu ni wengi, pilipili zinakuwa kali zaidi. Maana yake ni kwamba mama anayetwanga pilipili akanyunyizia mchicha hajabuni kazi mpya. Anauazima mmea silaha ya mmea mwenzake.

Ghalani na kwenye moshi

Mahali ambapo pilipili imefanya kazi kwa muda mrefu nje ya sufuria ni ghalani. Sehemu nyingi za nchi hii, kabla ya dawa za unga za dukani, maharage na nafaka za kuhifadhi zilichanganywa na majivu, na watu wengine waliongeza pilipili kavu iliyotwangwa au majani makavu ya mwarobaini. Hii haikuwa imani tu. Majivu laini yanajaza nafasi kati ya punje na punje, fukusi anashindwa kutembea, na vumbi lenyewe linakwangua ule utando wa nta unaomzuia mdudu asikauke. Pilipili inaongeza kero juu yake.

Huko pilipili ilikotoka, moshi wake nao ulikuwa unajulikana. Kuna kitabu cha michoro kilichotengenezwa Mexico miaka ya 1540 hivi, kinaitwa Codex Mendoza. Kinamwonyesha mzazi akimshikilia mtoto mtukutu juu ya moshi wa pilipili zinazoungua, kama adhabu. Aliyewahi kuunguza pilipili jikoni halafu nyumba nzima ikatoka nje kukohoa hahitaji kuonyeshwa huo mchoro.

Nataka ulione hili: maarifa haya yote yanatoka kwa mtu anayepika. Anayejua kwamba pilipili inang'ang'ania mkononi hata ukinawa kwa maji matupu, kwamba sabuni inasaidia kuitoa, kwamba mafuta yanaibeba vizuri kuliko maji, ni yule anayeitwanga kila siku. Kapsaisini kweli haiyeyuki vizuri kwenye maji. Inapenda mafuta. Mabibi zetu hawakulijua neno kapsaisini, ila tabia yake waliijua kwa vidole. Na kwa kuwa kazi ya jikoni na ya bustani ya mboga iliachiwa wanawake, na kazi ya kuandika ikaachiwa watu wengine, matokeo ndio haya: utaalamu upo, mtaalamu hayupo kwenye karatasi.

Ilipokuja dawa ya duka

Mwaka 1939 mkemia wa Uswisi, Paul Müller, aligundua kwamba DDT inaua wadudu. Mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Tuwe wakweli, DDT iliokoa maisha ya watu wengi kwa kuua mbu na chawa, na mpaka mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilikuwa bado linaunga mkono kuipulizia ndani ya nyumba kupambana na malaria. Tatizo lilianza ilipotoka nyumbani ikaenda shambani kwa tani.

Afrika Mashariki haikuachwa nyuma. Mwaka 1945 Waingereza walianzisha kitengo cha utafiti wa viuadudu Uganda, baadaye kikahamia Arusha, na ndicho kilichokuja kuwa taasisi tuliyoizoea kwa jina la TPRI. Huku Kanda ya Ziwa zao lenye hela lilikuwa pamba. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba vikaungana kuwa Victoria Federation, na baada ya uhuru pamba ikaendelea kusukumwa, mpaka kwenye kampeni ya Siasa ni Kilimo ya mwaka 1972. Bunda ilikuwa, na bado ni, moja ya sehemu za pamba hapa Mara. Pamba ina wadudu wengi, kwa hiyo palipokwenda pamba dawa ilifuata, na bomba la mgongoni likawa kifaa cha kawaida.

Sasa angalia nani alipewa nini. Bwana shamba alikuja kwa mwenye pamba, ambaye mara nyingi alikuwa baba. Dawa zilikuja kwa mkopo wa pamba. Bustani ya mboga haikuwa na afisa wa kuitembelea, maana haikuingizia serikali fedha za kigeni. Lakini chupa ikishakuwa ndani ya nyumba, haijui mpaka wa shamba. Dawa iliyobaki kwenye pamba ikahamia kwenye nyanya, kwenye kabichi, kwenye mchicha ambao unachumwa baada ya siku chache na kuliwa jioni hiyo hiyo. Na mtu ataacha vipi? Unapulizia asubuhi, jioni wadudu wamelala chali. Maji ya pilipili yanakutaka urudie kila wiki. Kwa hiyo yakaitwa mambo ya kizamani, mambo ya watu wasio na hela ya dawa.

Bili ikaanza kuja. Mwaka 1986 shehena ya dawa zilizopitwa na wakati, DDT ikiwemo, ililetwa nchini kama msaada ikaishia shamba la Vikuge kule Kibaha, na udongo wa pale ukaja kuwa mfano unaotajwa kila wataalamu wanapoongelea sumu zilizotelekezwa. Mwaka 1999 ikafika kwetu ziwani. Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, baada ya taarifa kwamba kuna watu wanavua kwa kutumia sumu za shambani. Musoma na Mwanza zilikuwa zinakula kwa sangara. Mvuvi aliyekuwa hajawahi kugusa sumu, mama aliyekuwa anakaanga samaki pale Mwigobero, kijana wa kiwandani, wote waliingia kwenye hesabu moja. Majina yao hayapo kwenye ripoti yoyote. Ipo idadi ya tani.

Baada ya hapo dunia ilianza kurudi nyuma. Mkataba wa Stockholm wa kudhibiti sumu zinazodumu kwenye mazingira ulisainiwa mwaka 2001, Tanzania ikauridhia mwaka 2004. Mwaka 2011 endosulfan nayo ikaongezwa kwenye orodha, ile ambayo wakulima wengi wa pamba waliizoea kwa jina la Thiodan. Katikati hapo, mwaka 2007, ulichapishwa utafiti wa wakulima wadogo wa mboga wa kaskazini mwa Tanzania. Karibu theluthi moja walikuwa wanachanganya dawa zaidi ya moja kwenye bomba moja, na zaidi ya nusu walisema waliwahi kuumwa baada ya kupulizia. Hao ni watu wa mboga, wadau. Sio wa pamba.

Kurudi kwa pilipili

Jambo la kuchekesha na kusikitisha ni kwamba wadudu waliotutesa miaka ya karibuni wametoka kule kule pilipili ilikotoka. Dumuzi wa mahindi, yule ambaye watu walimbatiza jina la Scania, aligundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, asili yake Amerika ya Kati. Kantangaze wa nyanya aliripotiwa nchini mwaka 2014, asili yake Amerika ya Kusini. Viwavijeshi vamizi wakafuata mwaka 2017, nao wa bara hilo hilo. Mahindi, maharage, nyanya na pilipili vilitangulia, wala vyakula wakaja nyuma. Kantangaze hasa aliwaonyesha watu kwamba dawa ya dukani sio mwisho wa mambo, maana kiwavi wake anajificha ndani ya jani, na akizoea dawa fulani, unaweza kupulizia mpaka mfuko uishe na yeye yupo.

Hapo ndipo watu wa maabara walipoanza kuuliza maswali ambayo shangazi zetu walishayajibu. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na wenzao walichapisha majaribio ya kupulizia maharage kwa maji ya mimea ya pembeni mwa shamba, ikiwemo utupa na alizeti pori, yakichanganywa na sabuni kidogo. Mavuno yalikaribiana na ya waliotumia dawa ya kiwandani, na wadudu rafiki, wale wanaokula wadudu mafuta, walidhurika kidogo zaidi.

Pilipili yenyewe ilirudi kwa mlango mkubwa: tembo. Mtu wa Musoma mjini anaweza asilione hili, lakini nenda Bunda upande wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, kama Hunyari na Mariwanda. Kule mazao yakikaribia kukomaa watu hawalali. Tembo akiingia usiku mmoja, chakula cha mwaka kimekwenda, na wapo waliopoteza maisha wakijaribu kumfukuza. Miaka ya 1990 kule Zimbabwe ulianza utaratibu wa kufunga kamba kuzunguka shamba, unaning'iniza vitambaa, unapaka oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya kusaga. Mwingine anachanganya pilipili na kinyesi cha tembo, anakausha, anachoma usiku moshi utembee. Tembo ana pua ambayo hakuna mnyama wa kuishinda, na kwa pua hiyo pilipili ni mateso. Mwaka 2016 watafiti wa Tanzania walichapisha matokeo ya uzio huo kwenye maeneo mbalimbali ya nchi: unasaidia sana pale wakulima wanapoushika pamoja na kuupaka upya kila unapokauka au kunyeshewa, na unashindwa pale kila mtu anapoachiwa ajitegemee.

Moshi ule ule wa kwenye mchoro wa miaka ya 1540, pilipili ile ile ya jikoni. Tofauti ni kwamba sasa kuna ripoti, na ripoti ina waandishi. Wakulima waliokesha wakipaka kamba wameandikwa kama "kaya".

Ukitaka kujaribu mwenyewe

Sasa tusiishie kwenye historia. Kwa bustani ya nyumbani watu wanafanya hivi:

Chukua kiganja kimoja cha pilipili kichaa mbivu, uzitwange pamoja na mbegu zake. Weka kwenye lita moja ya maji, funika, iache ilale usiku kucha. Asubuhi chuja kwa kitambaa safi, la sivyo chupa ya kupulizia inaziba. Ongeza kijiko kidogo cha sabuni ya maji au kipande kidogo cha sabuni ya mche kilichoyeyushwa. Sabuni inafanya kazi mbili: inaishikiza pilipili kwenye jani, na yenyewe inawamaliza wadudu laini kama wadudu mafuta. Wengine wanaongeza kitunguu swaumu kilichopondwa.

Jaribu kwanza kwenye majani machache, usubiri siku moja. Ukiona yanaungua, ongeza maji. Pulizia jioni jua likishapoa, na lenga chini ya jani, maana ndiko wanakojificha. Rudia baada ya siku tano hadi saba, na mvua ikinyesha unaanza upya. Mboga za majani zioshe vizuri kabla ya kupika, usije ukalisha watoto mchicha wenye moto. Vaa glovu au hata mfuko wa plastiki mkononi, simama upepo ukiwa mgongoni, na usijiguse macho. Hii ya macho usiichukulie poa.

Na mipaka yake uijue. Inasaidia kwa wadudu mafuta, inzi weupe na wadudu wengine laini wakiwa bado wachache. Kantangaze akishaingia ndani ya jani, haimfikii. Minyoo ya kwenye mizizi haiwajui. Mnyauko wa nyanya ni ugonjwa, sio mdudu, kwa hiyo usipoteze pilipili yako. Shamba likiwa la ekari mbili na wadudu wameshajaa, tafuta afisa ugani akushauri, na kama ni dawa ya duka, hakikisha imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020, na usome siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Kingine, "ya asili" haina maana ya "haina madhara". Utupa niliotaja hapo juu ni mmea wa asili, na wazee waliutumia kulevya samaki. Ukimwaga mabaki yake kwenye mto unaoingia ziwani, samaki hawatakuuliza kama umeitoa dukani au porini. Na maji ya tumbaku ambayo watu wanapenda kupulizia yanaweza kubeba virusi vinavyougua nyanya na pilipili. Wale waliotuachia haya mambo walijua kipi kinakwenda wapi. Tukichukua nusu ya maarifa, tunapata nusu ya matokeo na hatari nzima.

Nani ataandikwa?

Müller ana Nobel kwa dawa iliyoua wadudu. Julius ana Nobel kwa kueleza kwa nini pilipili inawasha. Sina ugomvi nao, kazi yao ni kubwa. Ila mtu wa kwanza aliyetazama mboga yake inaliwa, akakumbuka jinsi vidole vyake vinavyowaka akitoka kutwanga, akaunganisha hayo mambo mawili, huyo hana hata kaburi linalojulikana. Na pengine hakuwa mmoja. Pengine walikuwa wengi, kila mmoja kwenye uwanja wake, wakigundua kitu kile kile bila kusikia habari za mwenzao.

Hasara yake sio ya heshima tu. Kitu kinachotembea kwa mdomo kinakatika mdomo mmoja ukinyamaza. Mtoto akienda mjini, bibi akifariki, bustani ikijengewa chumba cha kupangisha, kipimo kinapotea: kiganja kimoja au viwili, usiku mmoja au mitatu, kwenye nyanya ndiyo, kwenye kitunguu sijui. Halafu miaka 30 baadaye mtu analipwa kwenda kukigundua upya kwa lugha ya kigeni, na sisi tunakinunua kwenye chupa yenye picha ya jani.

Kwa hiyo mdau, kama nyumbani kwenu kuna mtu anayenyunyizia pilipili, au majivu, au mwarobaini, hebu kaa naye siku moja. Muulize anapima vipi, anatumia kwenye mboga gani, anaacha lini. Muulize nani alimfundisha, na huyo alitoka kijiji gani. Andika kwenye daftari, na usisahau mstari ambao huwa hatuuandiki: jina lake kamili.